Nusura Nihamishe Kibla

Leo uso wangu sijui nimeuacha wapi. Nadhani umebaki pale msikitini, juu ya mkeka, na sina mpango wa kuurudia.

Nawasimulia mwenyewe kabla hamjasimuliwa na muuza kahawa, maana yeye keshaanza kutia chumvi. Nimepita kijiweni kwake sasa hivi baada ya magharibi, nikamsikia akisema nimebomoa ukuta. Sikubomoa ukuta. Ilibaki kidogo tu.

Mnajua nafundisha madrasa ya pale Rahaleo, ile iliyo ubavuni mwa msikiti. Asubuhi watoto wanasoma Kurani na fikihi kwa Sheikh Mfaume mwenyewe, kisha nawachukua mimi kwa yale ambayo wazee wanayaita mambo ya skuli: hesabu, jiografia na sayansi kidogo. Wazo lilikuwa la Sheikh. Anasema mtoto anayejifunza kugawa mirathi hana sababu ya kuogopa hesabu, na mtoto anayeutafuta mwezi wa Ramadhani angani hana sababu ya kutojua mwezi wenyewe unakwendaje. Ni mtu wa Lindi, mpole, anasema polepole kama anayevuta tasbihi.

Si wote waliolipenda wazo hilo. Mzee Chilumba, mwenyekiti wa kamati ya msikiti, tangu mwanzo aliona ramani zangu zitawatoa watoto kwenye dini. Hakugomba. Alisema tu kwamba siku somo langu litakapougusa msikiti, yeye mwenyewe atafunga mlango wa darasa. (Tangu siku hiyo nikimwona kwa mbali navuka barabara.) Na ana haki ya kusema, kwa sababu msikiti ule ulijengwa na marehemu baba yake. Ile mihrabu, yaani kile kishubaka cha ukutani anaposimama imamu kuelekea Makka, marehemu aliipima na kuijenga kwa mikono yake.

Sasa sikilizeni nilivyojipalia makaa.

Sheikh alikuwa ameniomba niandae somo moja linaloziunganisha elimu zote mbili, ili wazazi wenye wasiwasi waone jinsi jiografia inavyoitumikia swala. Nikachagua kibla. Tutachora ramani, tutaona Makka iko wapi, kisha tutatoa dira na kuthibitisha kwamba tunasali sawasawa. Somo fupi, zuri, halina hatari. (Eti halina hatari.)

Dira sikuwa nayo. Asubuhi nikaenda kwa Mwalimu Kasiano wa shule ya msingi iliyo ng'ambo ya barabara. Kasiano ni Mngoni wa Songea, Mkristo, na huniazima vitu bila maswali. Akafungua sanduku la vifaa vya sayansi, akanipa dira. Halafu akanipa na sumaku kubwa, ile yenye umbo la kwato ya farasi, akisema kwa kuwa somo langu linalofuata ni la sumaku, niichukue kabisa nisije kumsumbua tena. Akanionya nisitembee na dira mkononi. Mto Ruvuma hauko mbali, ng'ambo yake kuna vita na Wareno, na mgambo wakimwona mtu anapima pande za mji watataka kujua anampimia nani.

Mimi mwoga, sifichi. Nikavitia vyote viwili katika mfuko wa kushoto wa kanzu, nikaondoka mbiombio nimeufunika mfuko kwa kiganja kama mtu aliyeiba yai. Nilipoingia darasani nikatoa dira. Sumaku nikaisahau mfukoni.

(Wale mliosoma sayansi naona mmeshashika vichwa. Ngojeni. Kwa ambao hawakusoma: mshale wa dira nao ni sumaku, ila ndogo. Ukiachwa peke yake unaelekea kaskazini. Ukisogezewa sumaku kubwa unaisahau kaskazini na kumfuata mkubwa wake.)

Somo lilianza vizuri mno. Nilichora ubaoni pwani yote, kutoka Mtwara kwenda juu mpaka Bahari ya Shamu, nikawaonyesha watoto kwamba Makka iko kaskazini mwetu, karibu mstari mmoja. Nikawakumbusha kwamba wazee wa pwani hii hawasemi hata kaskazini, wanasema kibla, na kumbe ni kitu kimoja. Watoto wakafurahi. Nikawasimamisha waelekee kibla. Wote wakageukia upande wa mihrabu, kama wanavyogeuka kila siku. Nikaifungua dira juu ya kiganja.

Mshale ukacheza, ukazunguka, ukatulia. Ukaonyesha Mikindani, magharibi mwetu.

Nikaitikisa. Mikindani. Nikaigonga kwa kucha. Mikindani tena, bila haya. Kutoka mihrabu mpaka ule mshale si tofauti ya kusema ukungu wa macho. Ilikuwa kama mtu anayetaka kwenda sokoni akajikuta kwa wakwe.

Hapo ndipo ningefunga dira, nikasema leo jua kali, tuimbe kaswida. Lakini katika safu ya mbele yupo binti mmoja, Somoe, mwenye macho yasiyopitwa na kitu. Alishauona mshale. Akaniuliza kwa adabu zote, "Maalim, kilichokosea ni dira au ni msikiti?"

Mimi nikaogopa kuonekana sijui. Na woga wa kuonekana hujui, jamani, ndio unaomfanya mtu aseme maneno ya kutundikwa nayo. Nikakohoa, nikavuta kanzu, nikasema, "Dira ni chombo cha elimu. Chombo hakidanganyi."

Watoto wakatazamana. Kisha wakautazama msikiti.

Nikawaruhusu mapema. Kosa la pili. Kuwatoa watoto darasani na habari kama ile ni sawa na kumfungulia kuku mlango ukiwa umeanika mpunga. Nilitoka nyuma yao nikitaka kwenda kwa Sheikh nimweleze taratibu. Kabla sijafika kona, mwanamke mmoja aliyekuwa akichota maji alimuuliza mwenzake kama ni kweli msikiti umepinda.

Adhuhuri ikaingia. Nilifikiria kusalia nyumbani, nikaona nitaonekana nimekimbia. Nikaenda, nikajificha safu ya mwisho. Hapo nikaona jambo ambalo sijawahi kuliona tangu nizaliwe. Sheikh alisema tunyooshe safu, kama anavyosema siku zote, na safu zikakataa kunyooka. Wengine walisimama kuelekea mihrabu. Wengine walijipindisha kidogo upande wa Mikindani. Kuna mmoja alielekeza miguu mihrabu na kifua Mikindani, ili asikose vyote. Safu ilikuwa kama meno ya mzee. Na dhambi ya kila aliyejipinda, mbele ya Mungu, ilikuwa juu yangu mimi. Nilisali nimefumba macho. Hata niliposoma, sikumbuki nilisoma nini.

Baada ya swala hakuna aliyenipa mkono. Nikatoka kwa mlango wa pembeni, na hapo nikakutana na Bibi Hadija, bibi yake Somoe. Alikuwa amekaa kwenye ngazi ananisubiri. Nikajitayarisha kutukanwa. Hakunitukana. Aliniuliza kwa sauti ya chini kabisa. Alisema mumewe wamemzika makaburi ya Likombe, na walipomlaza ubavu wa kulia kuelekea kibla, kipimo kilikuwa hiki hiki cha msikiti.

"Sasa nakuuliza wewe uliyesoma," akasema. "Mume wangu nimemlaza kaangalia wapi?"

Nikajibu kwamba Mwenyezi Mungu anajua nia za waja wake.

"Hilo najua. Nimekuuliza unalolijua wewe."

Akanyanyuka, akafunga mtandio wake, akaondoka kwa haraka nisiyoitarajia kwa umri wake. Nikabaki nimesimama. Mpaka dakika ile nilikuwa naogopa kupoteza kazi na kuaibika. Pale ndipo nilipoanza kuogopa kwelikweli. Nikawaza wazee wote waliolala kule Likombe, na mchanga uliokwisha kushikana juu yao, na mimi na kiganja changu na mshale wangu.

Sheikh akaniita barazani kwake. Mzee Chilumba alikuwepo, amekaa wima, fimbo katikati ya magoti. Sheikh akaniuliza kama nina uhakika. Nikaeleza nilivyochora ramani, nilivyoshika dira, nilivyoigonga na kuitikisa. Kila nikieleza nilijisikia nina uhakika zaidi, maana hivyo ndivyo ulimi ulivyo. Nilidhani atanifokea. Ningeshukuru kama angenifokea.

Sheikh akasema, kwa ule upole wake, kwamba Waislamu wa mwanzo walikuwa wakielekea Baitul Mukaddas, yaani Yerusalemu, na amri ya kuelekea Makka ilipowafikia, wako waliogeuka wakiwa ndani ya swala, bila kungoja wamalize. Akamgeukia Mzee Chilumba.

"Wale waligeuka wakisali. Sisi ni nani tusigeuke kwa sababu ya ukuta?"

Ikaamuliwa tupime mbele ya watu wote baada ya alasiri. Ikiwa dira itasema hivyo hivyo, mihrabu itavunjwa leo leo na mikeka itatandikwa upya.

Mimi nilitegemea Mzee Chilumba apinge. Nilimwombea apinge. Ndiye aliyekuwa tumaini langu la mwisho. (Fikirini mtu uliyemkimbia mwaka mzima, leo unamtazama kama jua la kuanikia.) Hakupinga. Alinitazama, macho mekundu, akasema, "Nikivunjiwa na ntu mwingine sitalala. Baba aliijenga, nami ntaivunja mwenyewe." Akaondoka kwenda kutafuta nyundo na tindo.

Nyumbani chakula hakikupita. Mke wangu, Mama Rukia, alikuwa ameshapata habari yote, pamoja na sehemu ambazo hazijatokea. Alinitazama akasema nibadili kanzu, ile imelowa jasho mpaka mgongoni, nikienda nayo watu watajua naogopa. Nikakataa. Nilisema mtu akibadili nguo kabla ya kuhukumiwa anaonekana ana hatia. (Laiti ningemsikiliza huyu mwanamke mara moja tu katika ndoa yetu.) Akaniuliza kama nilipita dukani kumnunulia vibanio vya nywele, maana asubuhi alinipa kimoja cha mfano nikamwonyeshe Mhindi asije akanipa vile vinavyokata. Nikamwambia siku ya leo si ya vibanio.

Nilifikiria kutorokea Msimbati kwa mjomba, nikakae huko mpaka watu wasahau. Nikaona mjomba naye husali, na habari itanifikia huko huko. Nikanywa maji, nikaenda.

Msikiti ulijaa kuliko Ijumaa. Waliokosa nafasi walisimama barazani, na akina mama walijipanga nje kwenye madirisha ya nyuma. Kasiano naye alikuja, maana habari zilikuwa zimemfikia shuleni kwamba dira yake inahamisha msikiti. Alivua viatu kwa heshima lakini hakuingia. Alisimama mlangoni, mikono nyuma. Mzee Chilumba alikuwa pembeni ya mihrabu. Nyundo mkono wa kulia, tindo mkono wa kushoto.

Tulipokwisha kusali alasiri, Sheikh akaniita mbele. Akaniambia niiweke dira chini, juu ya mkeka, mahali anaposimama yeye. Nikapiga magoti kando yake. Kifuniko kikanishinda kufungua, Sheikh akanifungulia.

Mshale ukacheza. Ukazunguka. Mimi nilikuwa naomba dua moja tu, uende mihrabu, nionekane mwongo, nifukuzwe, yaishe. Ukatulia.

Mikindani.

Mngurumo ukapita msikiti mzima, si wa hasira, ni ule wa watu waliopata msiba. Huko madirishani nikasikia mama mmoja anasema innalillahi. Mzee Chilumba alipangusa mihrabu kwa kiganja, vumbi la chokaa likamwagika, kama mtu anayempangusa mtoto uso kabla hajamtuma mbali. Kisha akaweka ncha ya tindo ukutani, akanyanyua nyundo.

"Ngoja kidogo," Sheikh akasema. "Maalim, umenikingia mwanga. Hebu pita upande wa pili niuone mshale vizuri."

Nikanyanyuka, nikazunguka, nikapiga magoti upande wa pili.

Mshale nao ukazunguka.

Nilidhani macho yangu. Nikarudi nilikotoka. Mshale ukarudi. Nikasogea nyuma yake, ukayumba, ukanielekea. Sheikh aliangalia mshale, akaniangalia mimi, akaangalia tena mshale. Watu wa safu ya kwanza wote walikuwa wameinama. Nikapiga hatua kwenda kushoto, na mshale ukanifuata kama mbuzi aliyezoea kulishwa. Hapo mtu mmoja nyuma yangu, sitamtaja, akasema taratibu, "Makka inamfuata Maalim."

Hakuna aliyecheka. Bado.

Nami wakati ule ule nikahisi uzito ukinigonga pajani. Mfuko wa kushoto. Nikajua.

Nawaambieni ukweli, nilipata nafasi ya kujiokoa. Hakuna aliyejua ila mimi. Ningesema dira ni mbovu, wangeniamini, ningekwenda nyumbani na heshima nusu. Lakini Kasiano alikuwa pale mlangoni, miguu mitupu, na dira ni yake. Lawama ingemwangukia yeye ambaye kosa lake ni kuniazima. Na watu wangeshika moja tu milele, kwamba vitu vya skuli ni vibovu, na darasa langu lingefungwa kwa haki. Na nyundo ilikuwa bado juu.

Nikasema, "Mzee Chilumba, teremsha nyundo. Kosa si la msikiti. Kosa limo mfukoni mwangu."

Nikatia mkono mfukoni, nikaitoa sumaku, nikainyanyua juu ili kila mtu aione. Jamani. Sikuwa nimekumbuka kwamba mfuko ule una vitu vingine. Sumaku ilitoka imebeba ufunguo wa kabati, pini, msumari ambao hata sijui ulitoka wapi, na pembeni kabisa, kinaning'inia mbele ya umma wa Kiislamu wa Rahaleo, kibanio cha nywele cha mke wangu. Kina ua jekundu.

Kicheko kilianzia madirishani. Akina mama ndio walioona kwanza, na mmoja wao alikitambua kibanio. (Mama Rukia hajaniambia bado alikuwa amesimama dirisha gani. Hasemi nami.) Kikaingia ndani, kikapanda safu kwa safu. Watu waliokuwa karibu kulia ndio waliocheka zaidi, wanashikana mabega, wanafuta machozi. Sheikh Mfaume alijifunika uso kwa ncha ya kilemba, na kilemba kilikuwa kinatikisika. Mimi nilibaki nimenyanyua mkono kama mtu anayeuza samaki mnadani, sijui niushushe au niuache.

Sheikh alipopata sauti, aliniomba nieleze. Nikaeleza nikiwa nimesimama hivyo hivyo, jasho linachuruzika. Nikasema mshale ni sumaku ndogo, hii ni kubwa, na ndogo imekuwa ikiifuata kubwa tangu asubuhi, na mimi mwalimu wa sayansi ndiye niliyekuwa nikitembea nayo. Sheikh akasema maneno ni maneno, tuone. Sumaku ikapokezwa mkono kwa mkono mpaka mlangoni, pamoja na kibanio, ikamfikia Kasiano, naye akaondoka nayo hadi ng'ambo ya barabara.

Dira ilikuwa pale pale juu ya mkeka. Mshale ukayumba kama mtu anayezinduka usingizini. Ukaenda, ukarudi, ukaenda kidogo. Ukatulia umeelekea katikati ya mihrabu.

Sheikh aliinama akautazama kwa muda, midomo ikicheza. "Alhamdulillahi," akasema.

Mzee Chilumba aliketi chini pale pale, nyundo mapajani, akaegemeza kichwa ukutani. Nikaona anafuta macho, na sidhani yalikuwa ya kicheko. Kisha akasimama. Nami nikajua sasa ndiyo zamu yangu. Alisema siku somo langu litakapougusa msikiti atafunga mlango. Leo limeugusa, tena kwa nyundo. Nikatazama miguu yangu.

Akasema kwamba kweli alikuwa na nia ya kulifunga darasa, na asubuhi alipopata habari alifurahi moyoni, maana alipata sababu. Lakini amekaa na nyundo mkononi akijiuliza kwa nini yuko tayari kuuvunja ukuta wa baba yake, akaona ni kwa sababu hakuwa na la kuuliza. Hajui dira inafanyaje kazi, kwa hiyo akaiamini yote. Akasema watu wazima wote waliomo mle walikuwa hali ile ile, ndiyo maana walimwacha anyanyue.

"Mimi sijui kitu hiki, nami nusura nivunje nsikiti," akasema. "Watoto wetu wasipokijua, atakuja ntu mwingine na chuma kingine mfukoni, tena huyo hatasema. Darasa liendelee. Na sisi wazee tutafutiwe siku yetu."

Sheikh akakubali papo hapo, kila Alhamisi baada ya alasiri, wazee na yeyote mwenye nafasi. Mzee Chilumba akasema atakaa mbele. (Sijalala vizuri kwa kukimbia macho yake barabarani, sasa nitakuwa nayo hatua mbili kutoka ubaoni.)

Watu walipoanza kutawanyika, Sheikh alinishika mkono akanivuta pembeni. Hakunigombeza. Aliniuliza nilimjibu nini Somoe asubuhi. Nikamwambia. Akatikisa kichwa, akasema jibu la swali lile, katika somo lake na katika somo langu pia, lilikuwa ni sijui, ngojeni nipime tena. Akaniachia mkono. Ningependa zaidi kofi.

Nikatoka nje kumtafuta Bibi Hadija, maana yeye ndiye niliyekuwa nikimhofia kuliko kamati nzima. Nilimkuta anaingia kutoka njia ya Likombe, miguu imejaa vumbi mpaka magotini, anahema. Hakuwepo msikitini. Hakuwa ameona chochote. Ikabidi nimweleze mwenyewe, peke yangu, kwa mara ya pili, bila kuruka sumaku wala kibanio. Nikamwambia mzee wake kalala sawasawa kabisa, tangu siku ile mpaka leo, hana neno.

Bibi Hadija akakaa kwenye ngazi. Alinitazama, akijipepea kwa ncha ya mtandio, nami nikasubiri nikiwa nimeinamisha kichwa.

"Mimi nimetoka huko kaburini," akasema. "Nimekaa naye mchana wote nimemwomba radhi. Nikamwambia kama anaweza, ajigeuze kidogo upande wa Mikindani."

Akavuta pumzi.

"Sasa kesho utanipeleka wewe, tukamwambie asijigeuze."

Kwa hiyo kesho asubuhi, kabla ya darasa, nakwenda Likombe na Bibi Hadija, na kaniambia maneno nitayasema mimi, kwa sauti, kwa kuwa kosa ni langu. Mkituona njiani, nawaomba kwa heshima zote msinisalimie, msiniulize, na kama lazima mcheke, ngojeni nipite. Na atakayeniuliza nyumbani nimeolewa au nimeoa, maana nabeba vibanio, huyo Alhamisi asije darasani kwangu.